Wakwe wamesikia kwetu kuna kifafa, sasa wanasema damu yetu ni mbaya

Habari Mama Nesi,

Naomba jina langu usiliweke. Mimi ni dada wa miaka 26, naishi Manyatta hapa Kisumu na nauza blausi za mtumba Kibuye. Kwetu ni Nyakach. Kuna kijana wa Maragoli tumependana mwaka wa tatu sasa, ni fundi wa kuchomelea, hanywi, ananiheshimu, na Desemba hii watu wake walikuwa wafike kwetu ili mambo ya mahari yaanze. Kumbe mamake alikuwa ametuma mtu kijijini kwetu kuulizia ukoo, unajua wazee venye huwa, wanataka kujua kama kuna wachawi ama wezi ama ugonjwa, na huyo mtu akarudi na neno moja tu, ndulme, yaani kifafa. Akasema kwetu kimejaa.

Na siwezi sema amedanganya, hapo ndipo naumia. Shangazi yangu, dadake baba, alikuwa nacho mpaka akafariki. Aliwahi angukia moto akisonga ugali na vidole viwili vya mkono wa kushoto vikashikana hivyo hivyo maisha yake yote, tukiwa watoto tulikuwa tunaogopa akitupea chakula na huo mkono, Mungu anisamehe. Yeye alianza akiwa na miaka minne hivi baada ya malaria iliyomzimisha siku tatu. Halafu mtoto wa mjomba wangu, huyo mamake alisumbuka na uchungu siku mbili nyumbani, wanasema alipotoka hakulia, mpaka leo haongei vizuri na huanguka karibu kila wiki. Wa tatu ni mdogo wangu wa miaka 22. Huyu alikuwa mzima kabisa mpaka boda waliyopanda ikagongwa pale Ahero, akashonwa kichwa, akalazwa wiki mbili, na baada ya kama miezi nane ndio akaanza kuanguka. Alipewa Tegretol akatulia mwaka mzima, halafu akaombewa akaambiwa amepona, akaacha dawa, sasa imerudi na nguvu.

Mama mkwe (kama nitawahi kumuita hivo) amesema hio damu haiingii kwake. Jamaa wangu anasema yeye hajali, lakini juzi tukila samaki aliniuliza polepole kama kuna mahali tunaweza kupimwa, nikajua baridi imemuingia pia. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hata kwao kuna hadithi, kuna babake mdogo alikufa mtoni akiteka maji asubuhi, maji yenyewe hayafiki magoti, wao husema ni mashetani ya mto na hakuna mtu huuliza zaidi.

Mimi sijawahi kuanguka hata siku moja. Ile tu niko nayo ni kwamba asubuhi nikiwa sijalala vizuri, hasa zile siku naamka saa tisa usiku kuenda kuchukua bale, mikono hunirukaruka yenyewe, imekuwa hivo tangu nikiwa Form Two. Juzi kikombe kilitoka mkononi kama kimerushwa, chai ikamwagikia blausi ya kuuza, majirani wakacheka na mimi nikacheka. Mama pia alikuwa hivo akiwa msichana, nyumbani tunaita mikono ya kuku. Naandika tu ujue afya yangu iko sawa.

Swali langu, kifafa kweli hurithiwa? Watoto wangu watakuwa nacho? Na kuna kipimo cha damu naweza fanya nipelekee huyu mama karatasi anyamaze?

Mwenye wasiwasi, Kisumu

*

Binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimkasirikia huyo mama, mara ya pili nikamuelewa kidogo, mara ya tatu nikafika kwa kikombe cha chai nikavaa miwani. Hapo kwa kikombe tutarudi. Kwanza tumalizane na hawa watatu waliokuharibia Desemba.

Mtu aliyetumwa kwenu alihesabu vichwa akarudi. Hakuuliza kila mmoja alianza lini na alianza baada ya nini, na hilo ndilo swali la kwanza utaulizwa kwa kliniki yoyote ya kifafa. Kifafa si ugonjwa mmoja kama surua. Ni ubongo kupiga umeme ovyo, tena na tena, na kinachoufanya upige ovyo kinaweza kuwa kovu, homa, minyoo, kiharusi, uvimbe, jeni (yaani yale maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi), na kwa karibu nusu ya wagonjwa duniani sababu haipatikani kabisa. Ukisikia nyumba tatu zimeungua kijiji kimoja, moja ilipigwa na radi, nyingine kibatari kilianguka, ya tatu mtoto alicheza na kiberiti, utasema hicho kijiji kina damu ya kuungua?

Shangazi yako alikuwa na malaria ya ubongo, kwa hayo maelezo yako sina shaka sana. Mimi nimefanya kazi wodi ya watoto upande huu wa ziwa miaka mingi, watoto waliozimika na malaria nimewabeba na mikono hii, wengine waliamka siku ya tatu wakaomba uji na yakaisha hivyo, wengine homa iliisha lakini baada ya miezi mama anarudi amebeba mtoto anasema Sista ameanza kutetemeka na hana joto. Ubongo ulikuwa umebaki na alama. Mtoto wa mjomba naye alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, hio ni sababu kubwa sana huku kwetu, na hata kutoongea vizuri kunatoka hapo hapo. Alafu angalia kitu wewe mwenyewe umeandika bila kuona: shangazi ni wa upande wa baba, mtoto wa mjomba ni wa upande wa mama. Hao wawili hawana damu moja hata tone, pahali walikutana ni kwa harusi ya wazazi wako.

Mdogo wako ni kichwa. Kifafa cha ajali mara nyingi hakiji siku ile ile, kinaweza kukaa miezi hata miaka kovu likikomaa ndani, ndio maana watu hushindwa kuunganisha wanaanza kutafuta nani amemloga. Na kovu halirithiwi. Marehemu baba yangu alikuwa na kovu la panga kwa goti na sisi watoto saba hakuna aliyezaliwa nalo. (Nisikufiche, hata hapo jeni inaweza kuwa na kidole chake, watu wawili wanagonga kichwa sawasawa mmoja anapata kifafa mwenzake hapati, na wenye kifafa kwa familia huwa na hatari juu kidogo baada ya ajali. Lakini bila ile boda pengine leo angekuwa mzima.)

Tena kuna kitu kingine hufanana na ukoo na si ukoo, nakiweka hapa kwa sababu wasomaji wangu wa Busia na Teso wananiandikia sana. Boma moja watu watatu wanaanguka, kila mtu anasema damu, kumbe ni choo. Pahali nguruwe hutembea ovyo na watu huenda haja vichakani, kuna tegu wa nguruwe, mtu akiwa naye tumboni hutoa mayai kwa kinyesi, mikono isiyooshwa inayapeleka kwa chakula cha wengine, na mayai yakiingia mwilini vijidudu vinaweza kwenda kukaa ubongoni. Hapo familia nzima inashare sufuria, haishare jeni ya kifafa. Nyinyi hamkunitajia nguruwe kwa hivyo tusonge.

Sasa swali lako, hurithiwa? Ndio, vingine. Huku watu husema ni jini, daktari anasema ni jeni, na hio herufi moja imetenganisha familia nyingi na dawa. Lakini jeni yenyewe haifanyi kazi kama watu wanavyofikiria, ati kifafa kinashuka kutoka kwa babu mpaka kwa mjukuu kama shamba. Kwa watu wengi ni jeni nyingi ndogo ndogo kila moja inasukuma kidogo, na unaweza kuzibeba zote usianguke hata siku moja. Kuna utafiti mkubwa ulifanywa Rochester, jimbo la Minnesota huko Marekani, wakafuatilia ndugu, wazazi na watoto wa wagonjwa wa kifafa. Kwa watu wa kawaida, kati ya 100 kama mmoja hivi atakuwa amepata kifafa akifika miaka 40. Kwa hawa ndugu wa karibu kabisa ilikuwa kama 5 kati ya 100. Imepanda, ndio, sikatai, lakini geuza hio hesabu uione upande wa pili, 95 hawakupata. Na hio ni kwa ndugu wa damu wa karibu, yaani mzazi, mtoto, ndugu wa tumbo moja. Shangazi na binamu wako mbali zaidi. Huku kwetu hesabu ya kawaida huwa juu kuliko ya Marekani, lakini ni kwa sababu ya malaria na uzazi mgumu na ajali, si kwa sababu damu yetu ni tofauti.

Kuna magonjwa machache ambapo jeni moja inatosha na kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuichukua. Mengine ni mabaya, huanza mtoto akiwa hata hajatimiza mwaka, na hapo wazazi hushangaa ukiwaambia kwamba mara nyingi jeni iliharibika kwa mtoto mwenyewe kwa mara ya kwanza, baba hana, mama hana. Na hata jeni ikiwa ile ile kwa familia moja, haitoi sura moja. Mwaka 1997 madaktari wa Australia, Ingrid Scheffer na Samuel Berkovic, walieleza familia moja kubwa ambayo mmoja alikuwa na degedege ya homa tu utotoni ikaisha, na mwenzake wa damu hiyo hiyo akawa na kifafa kigumu cha maisha. Kwa hivyo hata ungejua jeni, haungejua mtoto atakuwa vipi.

Ndio maana hio karatasi unayotaka ya kumnyamazisha mama mkwe haipo. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema huyu atazaa mtoto wa kifafa huyu hatazaa. Vipimo vya jeni vipo, lakini huanza na yule anayeumwa, apatikane na kasoro yake, ndipo wengine waangaliwe kama wanayo. Ukimpima mtu ambaye hajui anatafuta nini utalipa pesa nyingi upewe karatasi ambayo hata daktari ataishika akune kichwa. Mtu akikuuzia hicho kipimo pale mjini, tembea.

Haya, kikombe.

Binti yangu, umeniandikia kurasa nzima juu ya watu watatu ambao kifafa chao karibu hakikuhusu, halafu ukapitisha kwa mistari mitatu kitu kimoja ambacho kinaweza kukuhusu kabisa, tena ukasema ni kunionyesha uko sawa. Mikono kuruka asubuhi baada ya kukosa usingizi, kuanzia umri wa Form Two, mpaka vitu vinarushwa, na mama yako alikuwa hivyo hivyo. Mimi si daktari na kwa barua siwezi kukwambia uko na nini. Inaweza isiwe kitu. Ile kushtuka usingizi ukianza kukuchukua ni ya kila mtu, hata mimi hushtuka kama nimeanguka shimoni. Lakini yako inakuja baada ya kuamka, na hio ni tofauti. Kuna aina ya kifafa inayoanza ujanani ambayo huingia mlango huu huu, kwanza ni mikono tu kwa dakika chache asubuhi, kijiko kinaruka, mswaki unaruka, watu wanacheka, miaka inapita, halafu siku moja baada ya usiku wa matanga ama sherehe, usingizi hakuna, pengine na pombe kidogo, mtu anaanguka mzima mzima. Na hii aina, tofauti na ya mdogo wako, huwa inatembea kwa familia kiasi.

Usilie sasa. Hii ndio moja ya zile zinazosikia dawa vizuri, ingawa mara nyingi dawa huwa za muda mrefu. Na hata ikithibitishwa ndio hio, hatari kwa kila mtoto wako bado ni chini ya mmoja kati ya 10. Wengi kabisa hawapati.

Cha kufanya. Jirani ama dada yako akurekodi na simu asubuhi moja mikono ikiruka, hio video ya sekunde 30 ni dhahabu, daktari akiiona anajua zaidi ya vile utaeleza nusu saa. Nenda nayo kliniki ya kifafa ama ya neva, hapo Kisumu anza kwa kuuliza Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, uombe kipimo cha umeme wa ubongo, ni kofia ya nyaya tu, hakiumi, usiogope ati watakuchoma na stima. Sema neno "asubuhi" na neno "usingizi" na neno "mama", hayo matatu usisahau. Kabla ya siku hio, bale mwachie mtu mwingine akuchukulie ama ulale saa mbili jioni. Jiko la makaa liwe ukutani si katikati ya nyumba.

Na tafadhali usionje dawa za mdogo wako. Tegretol kwake ni dawa nzuri, lakini kwa hii ya mikono kuruka inaweza kuizidisha, nimeona mtu amepewa akawa anatupa kila kitu. Jambo la pili, ukiandikiwa dawa mwambie daktari wazi wazi unapanga kuolewa na kuzaa. Kuna dawa inaitwa sodiamu valproeti, ni kali na inafanya kazi, lakini mama akiimeza na mimba, kama mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kilema na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata shida ya kukua kiakili. Naona wanawake wakilaumu ukoo kwa mtoto aliyezaliwa na shida na kumbe hakuna mtu aliwaambia kuhusu dawa. Kuna zingine salama zaidi, na kuna vidonge vya foliki vya kuanza kabla ya mimba. Aliyekuwa tayari anaimeza asiache ghafla akisoma hapa, aende aongee kwanza.

Mdogo wako arudishwe kliniki wiki hii, yeye ndiye ana haraka kuliko wewe na harusi yako. Maombi aendelee nayo, dawa pia aendelee nayo, sijawahi kuona mahali vinagombana. Kwa dawa sahihi, mpaka watu 7 kati ya 10 wanaweza kuishi bila kuanguka, na yeye alishaonyesha kwa mwaka mzima kwamba yumo kwa hao saba. Akianguka mlaze kwa ubavu, toa vitu karibu, kijiko mdomoni hapana, na ikipita dakika tano mkimbize hospitali.

Kwa jamaa wako sasa. Mwambie kuhusu mikono kabla hujaenda kliniki, si baada, na muende pamoja. Mficha uchi hazai. Aliuliza polepole akila samaki, huyo ni mtu anaogopa na bado yuko mezani, mpe kitu cha kushika. Anaweza kukaa hapo akisikia daktari mwenyewe akisema, kisha yeye ndiye akaongee na mamake, si wewe. Wewe ukienda na hesabu zangu za 95 kati ya 100 utaonekana unajitetea.

Na kuhusu babake mdogo wa maji ya magoti. Siwezi sema ni nini kilimuua, watu huteleza, watu huwa na moyo mbaya. Ila nikiwa nesi, nikisikia mtu mzima amekufa kwa maji yasiyofika magoti asubuhi mapema, kifafa ni kitu cha kwanza naulizia. Nyani haoni kundule. Lakini hilo usimrushie mama mkwe kama jiwe, alizika shemeji yake pale. Mwache mwanawe aulize siku moja taratibu, kwa sababu kama mlikuwa mnataka kuchora ukoo kwa ajili ya daktari, upande wao pia unachorwa.

Kabla ya yote hayo, leo jioni mpigie mama simu. Usianze na mambo ya wakwe. Muulize mikono ya kuku ilimwanza akiwa na miaka mingapi, iliisha lini, na kama kuna siku hata moja aliamka akajikuta chini, ameuma ulimi ama amejikojolea na hakumwambia mtu. Uandike vile atakujibu, uende nayo kliniki pamoja na hio video, na ukitoka uniandikie.

Mama Nesi